Uhuru Si Jina la Mtaa Tu

Leo naomba ruhusa tuweke kando mambo ya seva na programu. Nimekasirika, na mimi nikikasirika siandiki programu inayofanya kazi, kwa hivyo afadhali hasira niimalizie hapa.

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi hapa mtaani Uhuru, Eastlands. Runinga ilikuwa inaonyesha kipindi kuhusu mashimo meusi, yale mabaki ya nyota zilizojiporomokea ndani hadi hata nuru haiwezi kutoka. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye kiti, wa kidato cha tatu hivi, akauliza: "Sasa kama halionekani, walijuaje liko huko?"

Swali zuri sana hilo. Sijasikia swali zuri kama hilo mwaka huu wote, hata kwenye mikutano ya kazini. Lakini mzee mmoja aliyekuwa anangoja zamu yake akamjibu: "Kijana wangu, hayo ni mambo ya wazungu. Wewe soma upate kazi." Watu wakacheka. Kinyozi akabadilisha stesheni, tukaangalia mpira. Yule kijana hakuuliza tena.

Na mimi nilikuwa nimekaa pale kimya, jibu nikiwa nalo mdomoni. Hilo ndilo linaloniuma. Basi leo namjibu yule kijana, na yule mzee, na mimi mwenyewe niliyenyamaza.

Kwanza jibu la kijana. Walijuaje? Walijua kwa msaada wa mashine iliyorushwa angani kutoka pwani ya Kenya, tarehe 12 Desemba 1970, siku tulipokuwa tunasherehekea miaka saba ya uhuru. Na jina la mashine hiyo lilikuwa Uhuru. Ndiyo, Uhuru, kama mtaa wetu. Umekaa kwenye kiti cha kinyozi mtaani Uhuru unauliza swali ambalo Uhuru ilisaidia kulijibu, halafu unaambiwa halikuhusu!

Tuende polepole. Shimo jeusi lenyewe kweli halionekani. Lakini likiwa karibu na nyota nyingine, linanyonya gesi ya nyota hiyo. Gesi inapozunguka ikiporomoka kuelekea shimoni, inasuguana na kupata joto la mamilioni ya digrii, na kitu chenye joto la namna hiyo kinatoa eksirei. Hizi hizi za hospitalini. Sasa, hewa ya dunia yetu inazizuia eksirei zinazotoka angani (tushukuru, la sivyo tungeungua). Kwa hivyo ukiwa juu ya Mlima Kenya na darubini kubwa kuliko zote duniani, huzioni. Lazima upande juu ya hewa yenyewe.

Mwanafizikia Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa, Italia, aliyefanya kazi Marekani, alipanda. Mwaka 1962 yeye na wenzake walirusha roketi ndogo iliyokaa juu ya hewa dakika chache tu, ikaona eksirei kali zikitoka upande wa kundi la nyota la Nge. Nyingi wao walikuwa hawazitarajii. Dakika chache zikawafanya watamani miaka. Ndipo ikaja setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja: kutazama anga kwa macho ya eksirei. Ilikuwa ndogo, uzito wake kilo 141 hivi, chini ya gunia mbili za mahindi za kilo 90.

Kwa nini wairushie Kenya? Si kwa sababu ya fukwe. Kwa sababu ya fizikia. Dunia inazunguka, na hapa kwenye ikweta ardhi inakwenda kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapewa mwendo huo bure. Pia setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inaepuka sehemu kubwa ya mnururisho unaovuruga vifaa vya kupimia. Waitaliano walikuwa na jukwaa baharini karibu na Malindi, linaloitwa San Marco, lililojengwa chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilienda angani kutoka pale. Uhuru ilikuwa mojawapo, na jina alilipendekeza Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi huo, kwa heshima ya Kenya.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo kinaitwa Cygnus X-1. Uhuru iliona eksirei zake zinapanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hapo fikiria kama mtu wa kompyuta: kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja kwa haraka kuliko muda ambao nuru inahitaji kukivuka. Kikibadilika haraka hivyo, basi ni kidogo. Kisha mwaka 1971 na 1972 Louise Webster na Paul Murdin kule Uingereza, na Tom Bolton kule Canada, wakapima nyota kubwa ya buluu iliyo mahali hapo, wakakuta inazunguka kitu kisichoonekana, mzunguko mmoja kwa siku 5.6.

Ukimwona mbuzi mweupe uwanjani usiku, anazunguka mduara uleule mara mia, unajua kuna kamba na kigingi hata kama huvioni. Na ukipima mduara na mwendo wake, unaweza kukadiria anavutwa kwa nguvu gani. Walipopiga hesabu hiyo, wakakuta kile kitu kisichoonekana ni kizito mno kuwa nyota ya kawaida iliyokufa. Kidogo, kizito, hakionekani. Stephen Hawking mwenyewe alikuwa amewekeana dau na Kip Thorne mwaka 1974 kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Mwaka 1990 akakubali ameshindwa. Giacconi naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Hilo ndilo jibu, kijana. Hawakuota. Walipima.

Sasa nije kwa mzee wangu, kwa heshima zote.

Mzee, umesema ni mambo ya wazungu. Sitakudanganya kwamba setilaiti ile ilikuwa yetu. Pesa zilikuwa za Marekani, jukwaa la Waitaliano, na sisi tulitoa bahari, ikweta na neno moja la Kiswahili. Wako Wakenya wanaopenda kujisifu kila Desemba kwamba "tulienda angani 1970". Hatukwenda. Tulikodisha uwanja. Mwenye uwanja hajisifu kwamba amefunga bao.

Lakini pia sitakubali kwamba ukweli una kabila. Cygnus X-1 iko umbali wa miaka ya nuru zaidi ya elfu saba, haijui Genoa wala Gikomba. Mvutano unaomwangusha mtu wa Boston ndio unaomwangusha fundi kutoka kwenye jukwaa la mjengo kule Kayole. Mtu akikuambia sayansi ni ya watu fulani, amechanganya mambo mawili: ulimwengu, na orodha ya waliopata nafasi ya kuupima. Orodha ndiyo yenye upendeleo. Ulimwengu hauna.

Umesema pia, soma upate kazi. Hapo najua kinachosemwa: unga kwanza. Sina ubishi na unga. Nimelala njaa mtaani humu na najua nyota hazipikwi. Lakini hesabu yenyewe ni mbaya, mzee, hata kwa upande wa unga.

Chukua simu yako. Setilaiti za GPS zina saa ambazo, kwa sababu ya nadharia za Einstein, zinakwenda mbele ya saa za ardhini kwa sehemu 38 za sekunde iliyogawanywa mara milioni, kila siku. Ni kidogo mno. Lakini wahandisi wasingelirekebisha, kosa la mahali lingekua kwa kilomita 10 na ushei kila siku. Ungeita boda Buruburu ikutafute Westlands. Kijana wa boda anakula kwa Einstein bila kujua.

Chukua Wi-Fi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, John O'Sullivan wa Australia na wenzake walikuwa wanatafuta mawimbi ya redio kutoka mashimo meusi madogo yanayolipuka, kufuatana na wazo la Hawking. Hawakuyapata. Lakini hesabu walizozoea katika kusafisha mawimbi yaliyovurugika zilimfaa O'Sullivan baadaye, yeye na wenzake wa shirika la CSIRO walipotengeneza njia ya kufanya intaneti isiyo na waya ifanye kazi ndani ya nyumba zenye kuta zinazorudisha mawimbi. Nusu ya kazi za vijana wa mtaa huu leo, kuanzia saiba hadi kuandika programu kama mimi, zinapita humo. Mambo ya mashimo meusi yasiyo na faida, sivyo?

Lakini hata hiyo si hoja yangu kubwa. Nikikomea kwenye faida nitakuwa nimekubali kwamba swali la yule kijana lina thamani tu likizaa pesa. Hoja yangu ni kile kicheko.

Mnamkumbuka Erasto Mpemba? Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, basi Mpemba akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto bila kungoja yapoe. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Akauliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo darasa zima likawa linamtania: kila akikosea, hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni, mwanafizikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo. Mpemba akasimama akauliza swali lake mbele ya wote, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alidhani kijana amekosea, lakini akaahidi kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam akampa kazi fundi wa maabara. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, ila asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Tafakari ya Osborne mle ndani ndiyo ningependa ibandikwe kila darasa la Eastlands: kwamba swali la mwanafunzi lisidharauliwe, kwa sababu mambo ya kila siku si mepesi kama yanavyoonekana, na ni hatari kutangaza kwa haraka kipi kinawezekana na kipi hakiwezekani.

Na utamu wa hadithi hauishii hapo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya kwa makini, wakaandika kwamba hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji yanafanya hivyo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Canada wakaonyesha jambo la aina hiyo kwa chembe ndogo mno katika jaribio la namna nyingine. Ubishi unaendelea. Je, Mpemba alikosea? Labda, labda sivyo. Lakini angalieni tofauti: wale wa kwanza walimpinga kwa kicheko, hawa wa 2016 walimpinga kwa kipimajoto. Kupingwa kwa kipimajoto ni heshima. Maana yake swali lako limeingia ulimwenguni.

Mimi nilikuwa upande wa fundi wa maabara. Nakiri leo. Shuleni, kwenye jaribio la fizikia, pointi zetu zilipokataa kukaa kwenye mstari ulionyooka, tulizipika. Tulijua grafu inayotakiwa, tukarudi nyuma kutafuta namba za kuizaa. Nikapata alama nzuri. Nilifundishwa kwamba jibu liko kwenye kitabu, na ulimwengu ukitoa jibu jingine, basi ulimwengu ndio usahihishwe.

Ugonjwa huo niliuhamishia kazini. Miaka kadhaa iliyopita, katika kampuni ambayo sitaitaja, dada mmoja wa huduma kwa wateja alituambia kwamba malipo yanaingia mara mbili siku za mvua. Sisi mainjinia tulicheka sana. Mvua na malipo wapi na wapi? Tukaifanya mzaha wa ofisi. Baada ya wateja wengi kulia, mtu akakaa akalinganisha kumbukumbu za seva na siku zilizonyesha. Dada alikuwa sahihi. Mvua ikipiga, mtandao unakatika katikati ya malipo, simu haipati jibu, inatuma ombi tena, na programu yetu ilikuwa inayapokea yote mawili kama mageni. Marekebisho yalikuwa mistari michache. Kicheko chetu kilikuwa kimegharimu watu pesa zao kwa miezi.

Mnaona? Kitu kilekile. Kwa kinyozi, darasani Iringa, ofisini kwetu. Anayeuliza yuko chini, anayecheka yuko juu, na ukweli haujali nani ni nani.

Halafu tunashangaa kwa nini mambo yamegeuka hivi: mwaka 1970 Wamarekani walileta setilaiti yao Kenya kwa sababu sisi tuna ikweta. Tarehe 15 Aprili 2023 sisi tulipeleka yetu, Taifa-1, ikarushwe California na SpaceX. Sibezi Taifa-1. Wakenya waliibuni, ikaundwa na kupimwa kwa ushirikiano na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria, kwa shilingi milioni 50 hivi, itutazamie mashamba na mazingira. Nilishangilia. Hata kabla yake, mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kisetilaiti kidogo kilichoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Hizo ni hatua. Lakini ikweta haijahama, jamani! Bado iko hapa hapa. Hatukukosa ikweta. Tulikosa miaka hamsini ya watoto wanaouliza "walijuaje?" bila kuchekwa.

Mtaniambia ni pesa, ni maabara. Kweli, shule nyingi za mitaa hii hazina vifaa. Lakini kicheko hakiletwi na ukosefu wa pesa. Kuacha kumcheka mtoto ni bure kabisa.

Na vifaa vingine ni bure pia. Chukua kijiti kilichonyooka, kisimamishe wima juu ya paa la ploti yako Dandora, Umoja au Jericho, siku za karibu na Machi 17 au Septemba 26. Saa sita na nusu hivi mchana, tazama kivuli. Kitapotea. Jua litakuwa limesimama juu ya kichwa chako kabisa, kwa sababu Nairobi iko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, na jua linatupitia mara mbili kwa mwaka. Andika dakika ambayo kivuli kilikuwa kifupi zaidi. Rudia kesho yake. Utakuta namba hazikai sawa na ulivyotarajia. Usizipike! Uliza kwa nini. Utakuwa unafanya kazi ileile ya Giacconi, ila yako haihitaji roketi.

Jumamosi ijayo nitarudi kwa kinyozi. Nikimkuta yule kijana nitamwambia jina la ile setilaiti, mbele ya watu wote, na mzee wangu akiwepo nitamkaribisha chai tubishane vizuri. Nikichekwa, sawa. Lakini safari hii sinyamazi.